Bamvua la Vuli, Mwalimu wa Kijiji na Fungu la Elimu la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya mwambao)



Katika vyama vingi vya msingi, fungu la elimu ndilo fungu linalotajwa kwa heshima kubwa katika masharti na kusahauliwa kwa wepesi mkubwa katika vitabu. Hutengwa baada ya hesabu kufungwa, husomwa mbele ya mkutano mkuu, hupigiwa makofi, kisha hulala. Likiamshwa, mara nyingi huamshwa kwa ajili ya posho ya semina, na wahudhuriaji wa semina hiyo huwa ni wale wale wa mwaka uliopita. Mazungumzo haya yanahusu njia moja ya kulitumia fungu hilo ambayo vyama vingi havijaifikiria: kumpeleka mwalimu wa shule ya kijiji mwambani na katika msitu wa mikoko, katika miezi ya vuli, ili ajifunze mahali penyewe palipo na somo kabla hajawafundisha watoto wa wanachama.

Pendekezo la namna hii likifikishwa mbele ya wanachama, swali la kwanza haliachi kuulizwa. Mwalimu si mwanachama. Hana hisa, hauzi samaki wala mwani kwa chama. Analipwa mshahara na Serikali. Kwa nini basi jasho la mvuvi limnunulie mafuta ya boti? Swali hilo ni la haki, na katibu asilijibu kwa kumkemea aliyeuliza.

Jibu lake la kwanza ni la zamani kuliko chama chochote cha Afrika Mashariki. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walifika mahali wakaamua kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakaanzisha maktaba na chumba cha kusomea. Mwaka 1995, Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika lilipokutana Manchester na kuzipanga upya kanuni za ushirika zikawa saba, elimu ilibaki kuwa kanuni ya tano, na hapo haikutajwa elimu ya wanachama na watumishi peke yao. Vijana na watu wanaosikilizwa katika jamii walitajwa pia. Kijijini, baada ya wazee na viongozi wa dini, ni nani asikilizwaye zaidi na vijana kuliko mwalimu? Kanuni ya saba, inayohusu kuijali jamii, ilitiwa mwaka huo huo.

Jibu la pili lapatikana ufukweni, wala halihitaji kitabu. Shule nyingi za mwambao hufundishwa na walimu waliozaliwa mbali na maji ya chumvi. Mwalimu aliyelelewa Singida au Njombe huja kazini akiwa na cheti chake halali na bidii yake, lakini bahari ameiona kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Anaandika ubaoni kwamba matumbawe ni viumbe hai, na watoto wanainakili sentensi hiyo. Lakini hajapata kuyaona yakiwa hai, na akiulizwa na mtoto wa mvuvi kwa nini mengine yamekuwa meupe kama chokaa, hana la kusema. Mtoto huyo anajua majina ya samaki ishirini: changu, pono, tasi, chewa, kolekole, na kila mmoja hupatikana wapi na kwa mtego gani. Mwalimu anajua mizunguko ya chakula na jinsi mimea inavyoutumia mwanga wa jua. Wawili hao wanakaa katika chumba kimoja kwa miaka saba, na elimu ya mmoja haikutani na ya mwenziwe. Hiyo ni hasara, na chama ndicho kinachoilipa, kwa sababu mtoto huyo ndiye mwanachama wa kesho atakayepiga kura ya kuufunga mwamba au kuuacha wazi.

Sasa kwa nini iwe vuli? Kusi ikisha kulegea na kaskazi haijashika, huja kipindi ambacho mabaharia hukiita tangambili, na bahari hutulia. Hiyo ni kama Oktoba na sehemu ya Novemba. Boti ndogo huvuka bila ya kuwatia watu hofu, na maji huwa maangavu kuliko wakati wa mawimbi ya kusi. Zaidi ya hayo, bamvua kubwa kuliko mengine ya mwaka huja karibu na siku ambazo mchana na usiku hulingana, yaani Machi na Septemba, wakati jua na mwezi vinapovuta kwa pamoja juu ya Ikweta. Machi huja pamoja na joto kali na masika yanayokaribia. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuichagua.

Bahati nyingine ni ya saa. Katika sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nayo ndiyo saa ya masomo. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka, na saa nne asubuhi maji huwa yamejaa. Mwalimu asiyejua jambo hili hupanga safari ya darasa kwa kufuata nafasi iliyopo katika ratiba ya shule, akafika ufukweni na watoto sitini akakuta mwamba umefunikwa. Hurudi akiamini kwamba masomo ya nje hayafai. Anayejua huanza na kalenda ya mwezi. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa siku moja au mbili, na maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Yakipwa saa nne kamili Jumanne, Jumatano yatapwa karibu na saa nne na dakika hamsini, na Alhamisi karibu na saa sita kasoro dakika ishirini. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hushuka ikawa mita 1 hivi. Hapo pana somo la hesabu, la jiografia na la sayansi, na mzee anayesema tu kwamba “leo mwezi kumi na tano” huwa ametoa habari ile ile iliyo katika jedwali la maji la mamlaka ya bandari.

Inafaa kukaa kidogo kwenye mfano mmoja, kwa kuwa ndio unaogusa mfuko wa mwanachama moja kwa moja: pweza.

Pweza wa mwambani huishi muda mfupi, mwaka mmoja au kuzidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Akisha kutaga hujifungia pangoni, hayalishi maisha yake tena, huyapepea mayai kwa maji mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Lakini akiwa mchanga hukua upesi mno. Huweza karibu kuongeza uzito wake maradufu kwa mwezi mmoja. Kwa hesabu ya darasani tu, pweza wa nusu kilo aliyeachwa miezi miwili huelekea kilo mbili. Wengine wataliwa na mikunga na chewa, wengine watahama. Hata hivyo hesabu hiyo yatosha kumfanya mtoto amtazame kwa jicho jingine yule mdogo aliyechomolewa pangoni jana. Kwa msingi huu, mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa kisha wakaufungua, na mfano huo ukaenea sehemu nyingi za Bahari ya Hindi ya magharibi. Kisiwa Panza, Pemba, ni miongoni mwa mahali palipojaribiwa ufungaji wa namna hiyo.

Kila chama kilichopata kujadili kufunga mwamba kinajua ugumu wake. Ugomvi huwa mkali kwa akina mama waendao kwa miguu na mikuki mifupi, maana wao hawana boti ya kwendea mahali pengine. Wakiambiwa “msivue miezi mitatu” bila ya maelezo, husikia amri ya watu wa mjini. Mtoto akirudi nyumbani na kumweleza bibi yake jinsi jike anavyokufa akiyalinda mayai, maneno huingia kwa mlango mwingine. Si ahadi kwamba bibi atakubali; lakini atakuwa anabishana juu ya pweza, na si juu ya nani ametumwa na nani. Somo kama hili halifundishiki kwa picha ya kitabuni. Mwalimu hana budi kuinama juu ya pango, aone maganda ya kaa na kome yaliyotupwa mlangoni, aonyeshwe na mwanamke aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Hudhani mafunzo ya namna hii ni mtaalamu kumfundisha mwalimu, na mvuvi kuendesha boti. Katika kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, walinzi wa kwanza wa mwamba walitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Wakapewa mafunzo, wakawa wao ndio wanaowaongoza wageni na wanafunzi majini. Kisiwa hicho, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, kilitengwa na Serikali ya Zanzibar kuwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994. Mwamba wake una aina zaidi ya 200 za matumbawe magumu na aina zaidi ya 400 za samaki. Mapato ya wageni husaidia kugharimia safari za wanafunzi na walimu wa Zanzibar, ambao huvaa miwani ya majini na maboya, wakatazama chini kwa mara ya kwanza. Mwaka 2000 kazi hiyo ilitambuliwa na Umoja wa Mataifa kwa tuzo ya Global 500.

Nafasi nyingine zipo kwa wanaozitafuta. Mafia, ambako Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995, mwalimu anaweza kufundishwa pamoja juu ya mikoko, nyasi za baharini na mwamba; na kuanzia Oktoba hivi mpaka Februari, papa potwe hukaribia Kilindoni. Huyo ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula viumbe vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho. Kwa mtoto aliyezoea kufikiri kwamba kila kikubwa hula kikubwa, hilo peke yake latosha kwa kipindi kizima. Kusini iko Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ya mwaka 2000. Tanga iko hifadhi ya mwaka 2009 iliyowekwa kwa ajili ya silikanti, samaki aliyedhaniwa na wataalamu kuwa alikwisha kutoweka zamani za kale hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanzania walianza kumpata katika nyavu zao mwaka 2003. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viko karibu na Dar es Salaam. Malihai, yaani vilabu vya wanafunzi vilivyoanzishwa mwaka 1980, vina matawi katika shule nyingi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu mwaka 1978, na kuiandikia barua hakugharimu kitu.

Vyama visivyo na mwamba karibu visijione vimeachwa nyuma. Penye mlango wa mto pana mikoko, na mikoko ni darasa lisilohitaji boti wala kuogelea. Tanzania ina aina kumi hivi: mkoko wenye mizizi ya magongo, mchu unaochomoza vidole vyake matopeni ili upumue, mlilana unaosimama mbele kabisa ukipokea mawimbi, mkandaa, msinzi, mkomafi. Katika Delta ya Rufiji umo msitu mkubwa wa mikoko kuliko mingine ya Afrika Mashariki. Kamba wanaouzwa na wanachama huanzia utoto wao humo. Mwalimu akiwapanga wanafunzi watembee kutoka ukingo wa maji mpaka nchi kavu, wakaandika ni mti gani wameuona kwanza na upi baadaye, wataona wenyewe kwamba miti imejipanga kwa kufuata chumvi na maji. Wajenzi na wakata nguzo walikuwa wakilijua hilo kabla shule haijajengwa.

Kuhusu uchaguzi wa mwalimu, kuna neno la kusema bila ya kuzunguka. Mara nyingi nafasi humwendea mwalimu mkuu, kwa kuwa yeye ndiye anayepokea barua. Mwalimu mkuu ana shughuli nyingi, na huenda asifundishe sayansi kabisa. Chama kiombe walimu wawili wanaofundisha darasa la nne mpaka la sita, na mmoja wao awe mwanamke. Wapo watakaosema kwamba mwanamke wa pwani haingii majini. Nungwi, Unguja, katika miaka ya 2010, wasichana na wanawake walifundishwa kuogelea wakiwa katika mavazi ya stara, na wengine wakawa wakufunzi wa wenzao. Kisiwani, kujua kuogelea ni kinga ya uhai kabla ya kuwa somo.

Kuwachagua wawili kuna sababu nyingine. Walimu huhamishwa. Wanachama watauliza, na watakuwa na haki, kama chama kimelipa na Januari mwalimu akapelekwa wilaya nyingine, nani amefaidi? Hakuna dawa kamili ya jambo hilo. Wawili hawahamishwi kirahisi kwa siku moja, na daftari la mafunzo likiwa mali ya shule, lenye michoro ya mwamba wa kijiji hicho hicho na majina ya wazee walio tayari kufundisha, atakayekuja atakuta pa kuanzia. Anayehama naye hakuitupa elimu baharini. Kuna watoto huko aendako.

Sasa fedha. Tuseme chama kina wanachama 120, na mkutano mkuu umekubali kila mmoja akatwe shilingi 500 kwa mwezi kwa miezi sita. Hizo ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na jumla shilingi 360,000. Zikijumlishwa na kilichomo katika fungu la elimu, na boti ikiwa ni ya mwanachama anayelipwa mafuta na ujira wa haki, chama kitakuwa na msingi wa kujadiliana na shule juu ya gharama zinazobaki. Safari ya kwanza isiwe ya mbali. Siku mbili za bamvua katika mwamba wa kijiji, pamoja na mkufunzi mmoja aliyealikwa na wazee wawili, huzaa zaidi ya wiki moja ya hoteli mjini. Katibu mwenye mashaka alinganishe gharama hizo na soda, pilau na posho za mkutano mkuu uliopita, kisha aamue mwenyewe.

Kalenda ya shule nayo iheshimiwe. Bara, darasa la saba hufanya mtihani wao Septemba, na kidato cha nne Novemba. Mwalimu hawezi kuondolewa kazini siku hizo. Kati ya hapo kuna nafasi katika Oktoba, hasa bamvua la mwezi mpevu na la mwezi mwandamo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza kujifunza kwa vitendo, hivyo mkuu wa shule akiletewa mpango ulioandikwa vizuri hana sababu ya kuuona kuwa ni mzigo wa nje. Barua imfikie Agosti, na nakala iende kwa Afisa Elimu Kata. Ikiwa ni ndani ya hifadhi, ruhusa na ada ziulizwe mapema kwa maandishi. Ikiwa ni mwamba wa kijiji, kikundi cha usimamizi wa ufuo kijulishwe, ili walinzi wasije wakawakuta watu wazima ishirini wakipekua mawe bila ya maelezo.

Usalama hauna mjadala. Kila anayepanda boti avae boya la kujiokolea, naye nahodha pia, ambaye kwa kawaida ndiye anayekataa. Boti isipakie zaidi ya idadi iliyoandikwa. Viatu vya plastiki vivaliwe mwambani kwa sababu ya miba na taa aliyejifukia mchangani. Mtu mmoja asifanye kazi nyingine yoyote ila kutazama maji yanapoanza kurudi, maana wanaoinama juu ya madimbwi hawaoni mkondo unaojaa nyuma yao. Mawe yaliyogeuzwa yarudishwe kama yalivyokuwa. Mvua za vuli zikianza na upepo ukabadilika, safari iahirishwe, na mafuta yaliyonunuliwa yarudishwe ghalani na kuandikwa.

Lililobaki ni la makaratasi, ambalo wengi hulichukia. Mkaguzi hakatai safari ya mwalimu. Hukataa safari isiyo na muhtasari. Uamuzi wa mkutano uandikwe, ukitaja fungu linalotumika, kiasi, majina ya walimu na tarehe. Fedha zitolewe kwa hati ya malipo, na masurufu yarejeshewe hesabu ndani ya siku zilizowekwa na chama. Walimu wakirudi, wasitakiwe kurudisha chochote ila kazi: katika mkutano wa kwanza unaofuata wapewe nusu saa mbele ya wanachama, waje na wanafunzi wao, waeleze walichokiona katika mwamba ambao wanachama wanaukanyaga kila siku. Wavuvi waruhusiwe kuwasahihisha, na masahihisho yaandikwe. Taarifa yao iwe nakala mbili, moja ibaki shuleni pamoja na daftari, ya pili itiwe katika jalada la chama nyuma ya stakabadhi za petroli, kwa sababu hapo ndipo mkaguzi atakapoitafuta.